Herakule na Samadi ya Zizi Letu

Baba yangu, mgomvi wa mashujaa,

Shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe kwa niaba yako, kwa ile sauti yako ya kukoroma, na sasa naendelea maana nina habari na mikono bado inanata. Inanata maji ya zabibu, Baba. Umesikia vizuri. Mizabibu yako imezaa.

Ngoja, nikianzia mwisho utanigombeza. Wewe hadithi uliitaka ianze mwanzo iishe mwisho, japo ile uliyoipenda kuliko zote hukuujua mwanzo wake wala mwisho wake. Naiandika hadharani, asomaye na asome, kwa sababu wapo watu kijijini ambao mpaka leo wanaulizana Debora binti yako alipata wapi ujasiri wa kugusa zizi la babu yake. Wasome wajue. Aliupata kwako, na wewe uliupata kwa Herakule.

Kwa asiyemjua, Herakule ni yule shujaa wa Wayunani wa kale, mtu wa miraba minne aliyepewa kazi ambazo hakuna mwingine aliyeziweza. Wasomi wana matamshi yao. Kwetu aliitwa Herakule kwa sababu wewe ulimwita hivyo, na ulimpata kwenye kitabu kilichokuwa kinatupwa siku walipofagia stoo ya shule ya bweni ulikokuwa mpishi. Mchwa walikuwa wamekuwahi. Walikula kurasa za mbele, wakala za nyuma, wakakuachia za katikati, kazi tano tu kati ya kumi na mbili. Ukakifunga kwa uzi wa gunia ukakileta nyumbani, na miaka yote ya utoto wetu hicho ndicho kilikuwa kitabu cha pili baada ya Biblia.

Jumapili baada ya ibada, ugali na mlenda vimeshashuka, tunakaa nje kubangua karanga. Hapo ndipo Herakule alipokuja. Wala ulikuwa husomi, kitabu unakishika tu mkononi kama ushahidi. Simba ambaye mkuki haumpenyi, Herakule akamkaba kwa mikono mitupu. Nyoka wa vichwa vingi, ukikata kimoja vinaota viwili, "si mnayaona magugu ya shambani kwa mama yenu?" Mama anasonya. Paa wa pembe za dhahabu, akamkimbiza mwaka mzima. Nguruwe mwitu aliyekuwa anamaliza mashamba ya watu, na hapo ulikuwa unapunguza sauti kwa heshima, maana nguruwe mwitu sisi tunawajua.

Siku moja nikakuuliza kwa nini alikuwa anamfanyia mfalme kazi zote hizo. Ukaniangalia kwa mshangao, ukaniita mama kama ulivyozoea.

"Mahari, mama. Kijana mwenye nguvu anamtumikia mzee mwenye ng'ombe. Kuna sababu nyingine?"

Basi ikawa hivyo. Kwetu sisi Herakule alikuwa kijana wa watu anayehangaikia mahari, na dada yangu mdogo alikuwa anamwombea kabla ya kulala ili apewe huyo mke.

Halafu kazi ya tano. Hiyo hukuwahi kuisimulia ukiwa umekaa. Kulikuwa na mfalme mwenye zizi la ng'ombe elfu tatu, halijasafishwa miaka thelathini. Herakule akaambiwa alisafishe kwa siku moja. Akabomoa ukuta huku, akabomoa kule, akageuza mito miwili ikapita katikati ya zizi na kusomba kila kitu. Jua linazama zizi safi. Watoto wa kwingine nadhani hupiga makofi hapo. Sisi tulikuwa tunasubiri wewe ulipuke.

"Miaka thelathini!" Unasimama, karanga zinamwagika. "Samadi ya miaka thelathini, ya ng'ombe elfu tatu, mtu anaimwaga mtoni! Hana shamba? Hana jirani mwenye shamba? Nguvu anazo, akili kaiacha wapi huyu?" Halafu hukumu yako, ileile kila Jumapili: "Shujaa, sawa. Mkulima, hapana!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Na mimi binti yako mwenye mdomo, darasa la sita hivi, nikanyoosha kidole kwenye zizi la babu pale pale nyuma ya nyumba nikasema, "Na hiyo ya kwetu je, Baba? Mbona na wewe huitumii?"

Hukunipiga. Afadhali ungenipiga. Uliingia ndani, na Jumapili mbili zikapita bila Herakule.

Nilikuwa sijaambiwa. Mama ndiye aliyeniambia baadaye, tukiwa korongoni tunachimba mchanga kutafuta maji. Kwamba zizi lile liliwahi kujaa ng'ombe, na wewe ukiwa kijana ulikabidhiwa fimbo. Mwaka wa ukame babu akakuambia usihame nao, korongo bado lina maji ukichimba. Wewe ukaona unajua zaidi. Ukawaswaga mbali kufuata majani uliyoambiwa yapo. Majani hayakuwepo. Ulirudi na fimbo tu. Babu hakukukaripia hata neno, ila kila asubuhi alikwenda kukaa mlangoni pa zizi tupu, na alipofariki alizikwa mle ndani, kona ya mashariki, kama baba yake alivyozikwa katika zizi lake, na kama alivyotaka mwenyewe. Tangu siku hiyo ukapiga marufuku mtu kuchukua hata ndoo moja ya samadi mle. Mizabibu yako ilikuwa inakonda hatua mia kutoka kwenye neema yote ile, na wewe unakwenda kuomba samadi kwa majirani na toroli. Ukirudi, unamsema Herakule.

Sasa hospitali. Nisamehe, huko lazima tupite.

Ulipolazwa nilikuwa nafunga karakana yangu ya kuchomelea vyuma kule mjini Kizota mapema, nakuja na chupa ya uji, nguo zinanuka moshi wa chuma. Manesi walikuwa wananiita fundi. Mchana mmoja ukaniuliza, "Hivi Herakule aliishia wapi? Kwenye hiyo simu yako hayumo?"

Miaka yote hiyo, Baba, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumtafuta! Nikamtafuta. Alikuwemo mzima mzima, mwanzo na mwisho.

Na mwanzo wake ukanikata maini. Haikuwa mahari. Herakule alishikwa na kichaa akawaua watoto wake mwenyewe, na fahamu zilipomrudia akakuta ameshafanya. Kazi zile zilikuwa adhabu, afanye hizo labda atatakasika. Nilikaa na simu mkononi nikifikiria kukudanganya. Ningesema mahari ilikuwa ng'ombe arobaini, akaitimiza, akaoa, wakaishi vizuri. Lakini ulikuwa unaniangalia.

"Sema, mama. Uso wako umeshasema nusu."

Nikakusomea. Uji ukapoa kwenye kikombe.

"Basi nimemwonea," ukasema. "Mtu ana mzigo wote huo, mimi namgombeza kwa samadi."

Siku zilizofuata nikakusomea zile kazi zilizoliwa na mchwa. Ndege wenye manyoya ya shaba. Fahali. Farasi wanaokula watu, ambao ulikataa kabisa kuwaamini. Mkanda wa malkia. Tulikuwa tunacheka, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akawa anatuambia tupandishe sauti. Kisha tukafika kazi ya kumi. Herakule alitumwa mwisho wa dunia kuleta kundi la ng'ombe wekundu. Akawapata, akawaswaga kurudi nao, nchi baada ya nchi. Karibu na nyumbani kundi likavamiwa na nzi wakubwa wa kuuma, ng'ombe wakapagawa, wakatawanyika milimani, na yeye akawa anakimbia huku na huku kuwakusanya.

Ulikuwa umeinuka kwenye mto. "Akafika nao?"

"Alifika na wengi. Wengine aliwapoteza."

"Hakuwapata tena?"

"Hakuwapata, Baba."

Ukageukia ukutani. Niliona mabega yanatikisika, nikakushika mguu juu ya shuka. "Kumbe na yeye," ukauambia ukuta. Ukarudia tena, "Kumbe na yeye." Ulipogeuka macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia, kama siku unapotoka kanisani, na ukanipa maneno niliyoyabeba mwaka mzima.

"Lile zizi, mama, lisafishe wewe. Kona ya baba yangu iache. Na usimwage."

Ulituacha kabla sijakusomea ya kumi na moja.

Shida ni kwamba pale kitandani tulikuwa wawili, na jirani yetu siku hiyo alikuwa amelala. Siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa, na baba mdogo Yeremia, mdogo wako wa pekee, akasema shamba liuzwe. Tangu waanze kujenga uwanja mpya wa ndege Msalato, wanunuzi wanakuja mpaka kwetu kwa pikipiki, wanasimama barabarani wanapima kwa macho. Mizabibu ilikuwa imebaki vijiti, ulikuwa umeugua muda mrefu. Shamba liuzwe pamoja na kiwanja, akasema, na Mama ahamie kwangu Kizota. Nikamwangalia Mama. Mwanamke aliyezoea kupiga soga na kuku wake, akae kwenye chumba changu cha nyuma ya karakana, asikilize mashine ya kukatia vyuma kutwa nzima. Alikuwa ameinamisha kichwa anakunja kanga, anakunjua, anakunja tena.

Nikasimama nikasema Baba ameniambia nisafishe zizi, na kwa samadi ile nitafufua mizabibu.

"Kaka yangu alikataza zizi lile miaka yote," akasema baba mdogo. "Leo hayupo ndiyo ameruhusu? Nani alisikia?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na Herakule."

Mdomo wangu, Baba! Ulinitoka kabla sijaufunga. Wazee wakatazamana, halafu shangazi mmoja akacheka, halafu wote. Hata baba mdogo alijikaza akashindwa. Mama naye akapata nguvu akasema, "Mimi hospitalini sikuwepo. Lakini mtoto huyu hajawahi kunidanganya ila mambo ya kuiba sukari." Kicheko kile ndicho kilichoniokoa. Baba mdogo akajifuta macho, akatoa hukumu: napewa msimu mmoja, mpaka mavuno ya Machi. Mizabibu ikizaa, shamba linabaki na Mama anabaki. Isipozaa, linauzwa na asiwepo wa kulia. Kisha akaninyooshea kidole kuwa kona ya mashariki nikiigusa, yeye si baba yangu tena.

Nilirudi Kizota nikachomelea mkokoteni. Si wa mbao, wa chuma, na kitanda chake kinabinuka chenyewe ukivuta pini. Niliutengeneza kwa hasira na ulitoka mzuri. Nikaazima punda wawili. Nikazungushia kona ya babu miiba ili hata kwa bahati mbaya jembe lisifike, nikapiga magoti pale, nikamsalimu, nikamwambia nani kanituma.

Siku za kwanza sururu ilikuwa inaruka tu. Juu pamekauka, pamekanyagwa na mvua na jua la miaka yote ile. Lakini chini, Baba! Chini ni nyeusi, inamomonyoka mkononi, hainuki hata kidogo, inatoa harufu ya ardhi siku ya mvua ya kwanza. Niliikamata viganja viwili nikakaa chini nikacheka peke yangu. Ndipo nilipoelewa hasira zako zote za Jumapili. Mtu aimwage hii mtoni? Huyo kweli, nguvu anazo, akili kaiacha wapi?

Mimi nachimba, Mama anajaza, punda wanavuta. Nusu ya samadi tukaifukia kwenye mashina kabla ya mvua, mashina yote yale uliyopanda kwa kamba ili mstari usipinde. Nikapogoa kama ulivyonifundisha, nikiomba msamaha kwa kila tawi. Nusu ya pili nikairundika kule chini, karibu na korongo, kwa sababu ni mteremko na punda walikuwa wamechoka. Baba mdogo akapita, akanisalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa, baba mdogo."

Akaangalia rundo. "Hapo maji hupita."

"Maji gani, baba mdogo? Korongo hili mimi tangu niote meno silijui na maji ya kufika huku."

"Hapo maji hupita," akarudia, akaenda zake.

Nikaona najua zaidi. Maneno hayo unayafahamu, Baba. Unayafahamu kuliko mtu yeyote.

Mvua ilinyesha milimani, kwetu wala haikudondoka tone. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka. Nilisikia mngurumo nikadhani ni lori. Mama ndiye aliyepiga kelele. Korongo lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yameshapanda ukingo na yanakuja moja kwa moja kwenye rundo la samadi, na nyuma ya rundo ni mizabibu yenye majani machanga ya wiki mbili. Nilishika jembe nikakimbia. Najua nilikuwa napiga kelele maana Mama ananiiga mpaka leo. Nilikuwa namtukana Herakule. "Mito yako peleka kwenu!" ndivyo anavyosema nilisema.

Nilichimba mfereji, maji yakaufukia. Nikachimba tena. Ukingo wa rundo ukaanza kukatika, samadi ya babu inaondoka mbele ya macho yangu, na nikalia, sitaficha, nililia kwa sauti na jembe mkononi. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Nilikuambia!"

Baba mdogo Yeremia. Suruali imekunjwa mpaka magotini, jembe begani, mzee wa umri ule amekimbia kutoka kwake. Hakunisalimu. Akaanza kupiga jembe juu kidogo ya pale nilipokuwa, kule maji yalikotokea, na kila jembe likishuka anasema, "Nilikuambia! Nilikuambia!" Mama akaja na magunia. Baba mdogo akaona mkokoteni wangu. "Lete hilo dude." Tukaupindua mkokoteni, tukauburuta kwenye pengo la ukingo wa korongo, tukaulaza ubavu, magunia ya mchanga nyuma yake, udongo juu. Maji yakaupiga. Chuma kikalia. Nilikuwa nimeegemea magunia kwa mgongo, naomba, kati ya kazi zote za kuchomelea nilizowahi kuzifanya maishani, hii moja iwe imeshika.

Ikashika. Maji yakahangaika, yakapanda, yakatafuta, kisha yakageuka. Nakuapia, Baba, niliyaona yanageuka. Yakafuata mfereji wa baba mdogo, yakarudi korongoni, na rundo likabaki limesimama, limeliwa ubavu mmoja tu.

Tukakaa kwenye tope wote watatu, hatuna hata nguvu ya kusimama. Baba mdogo akapumua, akauliza, "Hivi huyo Herakule wenu alifanyaje?"

"Aligeuza mito miwili ikaingia zizini."

"Sisi mmoja."

"Lakini sisi tumeutoa."

Akafikiria. "Basi tumemzidi," akasema, na Mama akacheka mpaka akalala chali kwenye tope na kanga yake.

Baadaye tukiwa tunaosha majembe, baba mdogo aliniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli ulilia hospitalini. Nikamwambia ulilia. Akauliza ulilia kwa ajili ya nini. Nikamwambia ng'ombe waliopotea, nikamwambia ulivyouambia ukuta, "Kumbe na yeye." Akaacha kuosha. Akalilaza jembe mapajani.

"Mimi ndiye niliyempelekea habari za majani," akasema. "Niliambiwa na wapita njia, nikamkimbilia, nikamsihi twende. Baba alipouliza nani kaleta wazo, kaka akasema ni yeye. Mpaka anakufa hakunitaja hata siku moja. Debora, mimi zizi lile nilitaka lisiwepo nisilione."

Nikamshika mkono, nao ulikuwa na tope kama wangu. Hukutuambia, Baba. Ulikubali watoto wako, mkeo, ukoo mzima tujue ni wewe peke yako. Nilidhani shujaa wetu wa Jumapili alikuwa kwenye kitabu, kumbe alikuwa amekishika mkononi. Nakuonea fahari mpaka kifua kinauma.

Kuanzia siku hiyo baba mdogo hakukosa shambani. Ndiye aliyenyunyiza dawa ya salfa, ndiye aliyefukuza ndege, ndiye aliyegombana na nyani. Na Machi ilipofika, Baba, natamani ungekuwepo hata kwa dakika moja ukapita kwenye mistari yako. Vichala vimening'inia mpaka tunaegemeza matawi kwa miti. Vyeusi, vizito, vumbi jeupe juu yake. Ukoo uliitwa uje kuona. Wazee walipita, mikono nyuma, wanainama wanachungulia chini ya majani utadhani wanatafuta palipofichwa uongo. Shangazi yule aliyecheka akachuma punje moja, akatafuna, akafumba macho, akachuma ya pili bila kuomba. Baba mdogo akasimama mbele yao wote.

"Shamba linabaki," akasema. "Shemeji anabaki. Na kabla hamjaondoka, kuna habari ya ng'ombe za baba ambayo kaka yangu aliibeba na haikuwa yake peke yake." Akawaambia yote, palepale, jua la saa sita, kofia mkononi. Hakuna aliyemlaumu. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, "Yeremia, na wewe umechelewa kama mvua za huku," na watu wakacheka, na baba mdogo akacheka huku machozi yanashuka.

Sasa nikumalizie hadithi, nina deni hilo la maneno. Kazi ya kumi na moja ilikuwa matunda ya dhahabu, akayaleta. Ya kumi na mbili alishuka mpaka kuzimu, akamkamata mbwa mlinzi wa huko, akapanda naye juu, akarudi hai. Kazi zikaisha, akawa huru. Miaka mingi baadaye mkewe alimvisha vazi lililopakwa sumu, bila kujua, kwa mapenzi tu, akidhani ni dawa ya kumfanya asimwache. Herakule alipoona haponi alijipangia kuni mwenyewe akapanda juu yake, na miungu yao ikamchukua kutoka motoni ikamkalisha nayo. Nimesoma pia kuwa Wayunani, hata wa kawaida kabisa, waliandika jina lake juu ya milango yao ili baya lisiingie. Mtu aliyeharibu vibaya kuliko wote, ndiye waliyemwamini kulinda nyumba. Hapo ungesimama, najua, na karanga zingemwagika.

Mimi ni fundi, nikalichukua wazo. Zizi liko safi mpaka udongo wa chini, kona ya babu imejengewa mawe vizuri, na mlangoni nimeweka geti la chuma. Juu yake nimechomelea herufi kubwa zinazosomeka kutoka barabarani: USIMWAGE. Wanunuzi wa viwanja wakipita na pikipiki zao wanapunguza mwendo wanasoma, hawaelewi, wanaondoka. Baba mdogo alilizunguka geti mara mbili akaniambia, "Chuma chote hiki, na zizi halina hata mbuzi?" Nikamjibu avute subira. Kumbe aliyekuwa na subira ni yeye.

Jana alasiri alikuja anatembea polepole barabarani, kofia ya kanisani kichwani, kamba mkononi, na nyuma yake ng'ombe mtamba, ambaye hajazaa bado, mwekundu, mnene, masikio makubwa. Wa kwanza kuingia zizini mle tangu wewe urudi na fimbo. Alinipa kamba nimwingize mimi, akaenda akakaa mlangoni, pale alipokuwa anakaa babu.

Na leo asubuhi, Baba, nimefungua geti, nikapiga hatua moja, nikakanyaga mavi ya ng'ombe. Mabichi, yanafuka, kiatu kizima cha kazi kimezama. Mama alitoka mbio na mwiko mkononi, alidhani nimeumwa na nyoka.

Nilikuwa napiga vigelegele.

Lala, Baba, kazi imefanyika. Jumapili karanga zitabanguliwa kama kawaida, na baba mdogo ameshasema kazi ya tano ataisimulia yeye, amesimama.

Ni mimi, mama yako,
binti yako fundi, yule mwenye mdomo